Aliyemwamsha Goob

Jumamosi moja usiku tulijibana watu wazima saba na watoto wanne kwenye sebule ya fleti moja ya Al Qusais, kituo kimoja tu kwa metro kutoka Dubai Airport Freezone, ambako wengi wetu tunafanya kazi. Laptopu iliwekwa juu ya boksi tupu la vipuri, taa zikazimwa, tukatazama Meet the Robinsons, katuni ya Disney ya mwaka 2007. Ilipokwisha, watoto walitaka irudiwe. Wakubwa wakaanza kuihukumu, na mpaka saa sita usiku hakuna kosa ambalo haikutwikwa. Nilijaribu kuitetea nikazidiwa kelele. Wiki nzima nimekuwa nikiyarudia yale maneno kichwani, kwenye treni na godauni, na leo nayajibu moja baada ya jingine, maana naamini filamu hii imeonewa.

Kwa ambaye hajaiona: Lewis ana miaka 12. Mama yake alimwacha akiwa mchanga kwenye ngazi za nyumba ya yatima, usiku wa mvua. Ana kipaji cha kuunda mitambo, lakini wazazi wanaokuja kumwangalia ili wamchukue wamlee, wote huondoka bila yeye. Basi anaamua kuunda mashine ya kusoma kumbukumbu, auone uso wa mama aliyemzaa. Hapo anatokea Wilbur Robinson, kijana aliyetoka mwaka 2037 akimfuata mtu mrefu mwembamba mwenye kofia nyeusi, aliyekuja kuiharibu na kuiiba mashine hiyo. Wilbur anamchukua Lewis mpaka kwa ukoo wake, huko mwaka 2037. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa sababu ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya mwisho.

Nianze na lililo jepesi. Kaka mmoja alisoma kwenye simu kwamba filamu iliingiza takriban dola milioni 169 duniani kote, ilhali kuitengeneza kuligharimu karibu milioni 150. Kwa hiyo, alisema, watu waliikataa. Kwa Disney hayo ni mapato hafifu kweli. Lakini wale watoto wanne mkekani hawakuwa na habari za mapato, na hakuna aliyeinuka hata kwenda kunywa maji. Isitoshe, Mr. Peabody & Sherman ya mwaka 2014, ambayo kaka huyohuyo aliisifu, nayo iliitia DreamWorks hasara. Akishika mizani ileile itabidi aitupe na hiyo.

Aliisifu kwa kuwa inafundisha historia. Mbwa msomi na mtoto anayemlea wanapanda mashine, wanafika Misri ya mafarao, kwa Leonardo da Vinci, kwenye vita vya Troya na mapinduzi ya Ufaransa. Inachekesha, nami nilicheka. Historia yenyewe, hata hivyo, imefanywa uwanja wa michezo, na Afrika nzima imepewa Misri peke yake, tena Misri ya msichana anayetaka kuolewa na mfalme mtoto bila kujua kwamba mfalme akifa naye atauawa azikwe pamoja naye. Kilicho kizuri mle ni swali la kama mbwa anaweza kuwa baba wa mtoto wa binadamu. Swali hilo la kulea usiyemzaa Meet the Robinsons ilikuwa imelishika kwa mikono miwili miaka 7 kabla.

Shemeji yangu alilalamika kwamba ukoo wa Robinson una watu wengi mno: mjomba anayejirusha kwa mzinga, mama anayefundisha vyura kuimba, babu aliyevaa nguo nyuma mbele, pweza anayefungua mlango. Hapa nakubaliana naye nusu. Wengi wao wamepewa kichekesho kimoja kila mmoja, wanakifanya, wanapita. Kipande kizima cha dinosau kingetolewa na hadithi isingepungukiwa. Lakini aliyekulia kwenye nyumba za Mji wa Kale Mombasa, zenye ami, shangazi na binamu wa ghorofa ya juu ambaye hujapata kujua ni binamu wa upande gani, hawezi kupotea kwenye meza ile ya chakula. Na pale mezani ndipo penye jambo. Lewis anaombwa arekebishe mashine ya kupaka siagi ya karanga na jemu. Inalipuka, kila mtu anachafuka usoni. Mtoto anasimama akingoja kufukuzwa, kama alivyozoea. Ukoo wote unamshangilia kwa kushindwa. Msichana wa miaka minane aliyeketi karibu na goti langu alishusha pumzi kwa sauti.

Kuna kosa kubwa ambalo usiku ule hakuna aliyelitaja, nasi ndio tuliopaswa kuliona kwanza. Mji wa mwaka 2037 ni msafi, unang'aa, watu wanasafiri ndani ya mapovu, na karibu hakuna anayeonekana akifanya kazi. Hakuna mfagiaji, hakuna mpishi, hakuna mpakizi. Kuna roboti mmoja nyumbani na yule pweza wa mlangoni, basi. Sisi tunaishi kwenye mji unaopenda kuitwa mji wa kesho. Treni tunayopanda haina dereva. Lakini alfajiri nikishuka kituoni nakuta watu wenye ndoo na vitambaa wanasugua vioo. Freezone yetu ilianzishwa mwaka 1996 kando ya uwanja wa ndege. Mizigo inaingia na kutoka bila kulipiwa ushuru wa forodha, mradi isivuke kwenda kuuzwa nchini. Kwenye karatasi inapita kama upepo. Godauni, kila boksi lina mikono iliyolibeba. Filamu inayowaahidi watoto kesho njema ingeweza kuonyesha walau jozi moja ya mikono hiyo. Hili silitetei.

Dai lililopigiwa kelele zaidi lilikuwa la hesabu. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alichukua kalamu akachora mishale nyuma ya risiti. Kama Lewis mwishoni anazuia mtu wa kofia asigeuke mbaya, basi mtu huyo hakuja kuiba mashine. Asipokuja, Wilbur hakumfuata. Wilbur asipokuja, Lewis hakujua kuna la kuzuia. Mishale yake ni sahihi. Back to the Future ya mwaka 1985 nayo ukiichora hivyo mishale inagongana, na bado watu wanaipenda. Ninachokataa ni pale aliposema basi filamu haina akili. Safari za wakati mle zimewekwa zimfikishe mtoto mbele ya mambo mawili ya kuamua, na yale mawili yamepangwa kwa akili nyingi. Nitayafikia.

Kwanza mtu wa kofia. Walisema ni adui bwege: ana daftari la kitoto la mipango, kofia yake ina akili kumzidi, hatishi mtu. Ndiyo, ni bwege. Lakini hivi mlimsikiliza alipoeleza yeye ni nani? Ni Goob, yule mtoto mdogo aliyelala chumba kimoja na Lewis kwenye nyumba ya yatima. Lewis alikesha usiku baada ya usiku akiunda mashine yake, Goob akakosa usingizi. Siku ya mechi akasinzia uwanjani, mpira wa ushindi ukampita, wenzake wakampiga. Uchungu ukamkaa. Wazazi waliokuja wakamwona mtoto mwenye kinyongo, wakaenda zao, naye akabaki mle mpaka nyumba ikafungwa. Kuna mahali anarudi nyuma, anakutana na Goob mdogo mwenye jicho lililovimba kwa kipigo, na badala ya kumfariji anamwambia aitunze hasira yake. Sijaona katuni nyingine ambamo mtu mzima anamharibu mtoto aliyekuwa yeye mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Hapa Dubai wengi tunapanga kitanda, si chumba. Nilipofika nilikuwa nikimpigia binti yangu Likoni kila siku saa nne usiku, kwake saa tatu, nikiwa kitanda cha juu, sauti nimeiachia. Mwenzangu wa kitanda cha chini alikuwa akiingia kazini saa kumi alfajiri, upande wa mizigo. Hakunigombeza hata siku moja. Alfajiri moja niliamka kwenda chooni nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, macho mekundu, amelala hivyohivyo ameketi. Ilikuwa miezi mitatu. Niliomba radhi siku ile, naye akasema tu, “Usijali, ndugu yangu, ni mtoto wako.” Goob alipotokea na ile miduara myeusi chini ya macho, nilimwona yeye.

Sasa la mama. Dada mmoja wa Tanga, aliyemwacha mwanawe kwa bibi yake ili aje kufanya kazi huku, alikasirika kweli. Alisema, “Wametutukana. Mama kazi yake kumtupa mtoto mlangoni, na mtoto akipata watu wa maana hamtaki tena.” Dada, usiku ule sikuthubutu kukujibu, nakujibu leo kwa heshima. Filamu haimtukani yule mama. Mildred, mlezi wa nyumba ya yatima, anamwambia Lewis kwamba huenda mama yake hakuwa na uwezo wa kumtunza. Na Stephen Anderson, aliyeiongoza filamu hii, naye alilelewa na wazazi waliomchukua akiwa mchanga. Yeye ndiye pia aliyetoa sauti ya mtu wa kofia. Alijua anamgusa nani.

Wilbur anatimiza ahadi yake ya kumwonyesha Lewis mama yake, anampeleka mpaka usiku ule wa mvua. Mama anaweka kifurushi kwenye ngazi, anageuka. Lewis yuko nyuma yake, ameunyoosha mkono, bado shubiri moja amguse bega. Anaurudisha. Mama anakwenda zake gizani. Msichana wa goti langu aliniuliza, “Anko, mbona hakumwita?” Sikuwa na jibu wakati ule. Sasa ninalo. Alikuwa akimtafuta kwa sababu aliamini hakuna mwingine duniani atakayemtaka. Alipokwisha kuona kwamba watu watampenda, hakuwa na haja ya kumsimamisha mama yake barabarani amtolee hesabu. Alimwacha apite na siri yake. Wengi wetu, dada, tuliondoka mtoto akiwa amelala, teksi inanguruma nje. Mimi ningetamani kuachwa nipite hivyo. Mahali ulipo sahihi ni hapa: mama yule hapewi neno hata moja, wala uso wake hatuuoni sawasawa. Filamu imemsamehe bila kumsikiliza.

Kutoka hapo likazuka dai la mwisho, kwamba hadithi nzima ni ya kufundisha watu kusahau. Inafungwa kwa maneno ya Walt Disney ya kuhimiza kusonga mbele, na kaka wa mapato akasema hayo ni maneno ya mabosi, yanabandikwa ukutani ili mtu asiulize ya jana. Ningekubaliana naye kama Lewis angetoka kwenye ile mvua akaenda moja kwa moja kushangiliwa. Lakini anaporudishwa kwenye siku ileile aliyoiharibu, kabla ya kukimbilia maonyesho ya sayansi anapitia uwanjani. Goob amesinzia, mpira umo hewani. Lewis anamwita kwa sauti. Goob anazinduka, anaudaka.

Haya ndiyo yale mawili niliyosema. Mtoto amepewa nafasi ya kugeuza jambo lake mwenyewe, akaiacha. Amepewa nafasi ya kugeuza jambo la mwenzake, kosa alilolifanya yeye bila kujua, akaitumia. Anayesahau hafanyi hivyo. Kwa kitendo hicho kimoja naisamehe filamu mishale yote inayogongana, dinosau na mjomba wa mzinga.

Ina dakika 95. Kama una mtoto nyumbani nawe uko huku, usimwachie aitazame peke yake. Iwekeni pamoja, simu ikiwa wazi: kwake saa moja na nusu usiku, kwako saa mbili na nusu. Ikifika ile mvua mwache aulize. Na kama kuna mtu amelala kitanda cha chini, toka nje na simu yako.