SIDA: Programu ya taifa bila franga za taifa? Tunadai hesabu



Mwaka 2004 Kongo iliunda programu ya taifa ya kupambana na SIDA, PNMLS, ikaiweka chini ya Urais. Sisi vijana tunauliza: hii programu ni ya taifa kwa jina tu, ao na kwa franga pia?

Jibu tulilipata Januari 2025. Tarehe 20, rais wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya inje siku 90. Karatasi moja ya Washington, na huku kwetu wagonjwa wakaanza kuuliza kama mwezi ujao dawa za ARV zitakuwako. Sababu inajulikana: sehemu kubwa ya dawa na vipimo inalipwa na PEPFAR ya Wamarekani na Mfuko wa Dunia. Tunawashukuru. Lakini mutu aliyelishwa na jirani miaka 20 bila kulima shamba yake, siku jirani anafunga mulango, asimulaumu jirani.

Wiki moja baadaye M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa. Wanawake na wasichana wengi wamebakwa katika vita hii. Aliyebakwa anapashwa kuanza dawa za kuzuia virusi mbele ya saa 72 kupita. Saa 72 hazingojee ndege, wala mukutano wa Kinshasa. Kama dawa haiko tayari katika kituo cha afya cha karibu, kwa huyo mama kinga haiko.

Na mama mwenye mimba? Bila dawa, hatari ya kuambukiza mtoto ni kati ya 15% na 45%. Akipata dawa vizuri, inashuka chini ya 5%. Inaomba kipimo, dawa, na muganga aliyelipwa. Kimoja kikikosa, mtoto ndiye analipa.

Watatuambia: "Inchi iko katika vita, franga hakuna." Vita ndiyo inazidisha hatari! Na ahadi ni ya zamani: Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Kongo haijafika hapo hata leo.

Watasema pia: "Ripoti ziko." Sawa. Lakini programu haipimwe kwa kuhesabu semina za hoteli. Inapimwa kwenye etajere ya dawa, kule kijijini.

Kwa hiyo tunadai:

1. Franga za ARV, vipimo na dawa za saa 72 ziandikwe katika bajeti ya taifa, na zitoke kweli.

2. Kila mwezi, kila zone ya afya ibandike ukutani: vipimo vingapi viko, dawa zitaenda siku ngapi, stoku iliisha siku ngapi. Bila jina la mugonjwa hata mumoja.

3. Wanaoishi na virusi wakae mezani wakati programu inapimwa. Sheria ya 14 Julai 2008 inawalinda juu ya ubaguzi, iheshimiwe.

4. Kila mwenye kushika bunduki, wa upande wowote, aache dawa na waganga wapite.

Wabunge, bajeti inapita mikononi mwenu kila mwaka. Safari hii tutaisoma mustari kwa mustari. Raia, uliza kwenye kituo chako: dawa iko?