Mgeni Mpe Jembe: Utu Katika Shule za Bahati

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Hata hivyo, katika Bahati, eneo la wakulima lililo kando ya mji wa Nakuru, inaweza kueleweka kwa namna nyingine. Aliyepewa jembe si mgeni tena. Ameingizwa katika kazi ya nyumba, na asipoonekana shambani ataulizwa yuko wapi. Swali linalozuka ni hili: ni watoto wangapi katika shule za Bahati ambao hawajapewa jembe hilo?

Bahati yenyewe ni nchi ya wahamiaji. Wakati wa ukoloni, ardhi yake ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi ya walowezi katika Bonde la Ufa yalinunuliwa na watu waliotoka kwingineko, wengi wao wakichanga fedha kupitia vyama na makampuni. Kwa hivyo, babu ya mtoto anayejiona mwenyeji leo huenda naye aliwahi kuwa mgeni. Kisha yakaja machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu ya watu walifurushwa makwao, na Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi. Familia nyingi hazikurudi zilikotoka, bali zilianza maisha upya mjini Nakuru na viungani mwake.

Mahema ya uwanja huo yalikwisha kuondolewa, na watoto waliozaliwa 2008 sasa ni vijana. Lakini jina la mkimbizi hurithiwa kama shamba linavyorithiwa. Mtoto asiyewahi kulala katika hema aweza kulibeba kwa sababu tu ya jina lake la ukoo, lafudhi yake au mtaa anakotoka. Hapigwi wala hafukuzwi, ila hachaguliwi. Dawati lake huwa la mwisho kupata mwenzi.

Ubaguzi wa namna hii mara nyingi hupita katika lugha. Sera ya elimu nchini Kenya huruhusu lugha ya eneo itumiwe katika madarasa ya chini, na penye mchanganyiko wa jamii Kiswahili ndicho kinachopendekezwa. Bahati Wakikuyu ni wengi, lakini si peke yao. Wamo Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Waturkana na wengineo. Mwalimu anapotoa mzaha kwa lugha ya wengi, darasa zima hucheka isipokuwa mtoto mmoja au wawili. Mwalimu hakukusudia ubaya wowote, lakini watoto hao wamefunzwa kwamba kicheko kile si chao. Kiswahili darasani, basi, si somo la mtihani pekee. Ni ua ambamo kila mtoto ana haki ya kusimama.

Fasihi nayo ina wajibu wake. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyowahi kutahiniwa katika shule za upili, inazungumzia machafuko kama yale ya 2008. Ndani yake mna shule iitwayo Tangamano, ambamo wasichana wanasimuliana masaibu yao. Mmoja wao, Mwanaheri, ana mama aliyebaguliwa na wakwe kwa kuwa wa jamii nyingine. Umu, mhusika mkuu katika kundi hilo, anapowasikiliza wenzake anatambua kwamba hayuko pekee katika mateso. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wengi waliisoma sehemu hiyo wakitafuta majibu ya maswali ya dondoo. Walijua nani alimwambia nani, na wapi, bila kumuuliza aliyeketi kando yao ametoka wapi.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia mambo haya ni kutonesha kidonda. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna mwalimu anayepaswa kumlazimisha mtoto kusimulia msiba wa kwao mbele ya darasa. Lakini hapo ndipo hadithi inapofaa. Mtoto aweza kumzungumzia Mwanaheri akiwa anajizungumzia mwenyewe, na wenzake wakasikia bila yeye kuvuliwa nguo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini aliyekilalia akisimulia, angalau usingizi wa wengine utakatika kidogo.

Hata hivyo, kumhurumia mtoto hakutoshi. Anayehurumiwa siku zote hubaki mgeni siku zote. Mtaala wa umilisi umeyataja upendo, heshima, umoja na amani miongoni mwa maadili ya shule, lakini maadili yaliyobandikwa ukutani hayampi mtoto nafasi. Nafasi hutokana na kazi. Awe kiranja, asimamie bustani ya shule, aongoze wimbo, atunze vitabu vya darasa. Madawati yapangwe upya kila muhula ili marafiki wasiwe wa ukoo mmoja tu. Naye asipofika shuleni, mwenzake wa dawati awe wa kwanza kuuliza yuko wapi. Hayo hayahitaji bajeti wala semina.

Uchaguzi mkuu unatarajiwa tena 2027. Wengi watakaoambiwa wakati huo kwamba jirani ni adui wangali madarasani, au wametoka humo juzi. Aliyelima bustani moja na jirani huyo, wakagawana dawati na kitabu, hatadanganyika kwa urahisi. Udongo uwahi ungali maji, na jembe litolewe mapema.