Kothbiro haikuanza na Kanye

Kijana wa Kegonga, ile sauti unayoiskia kwenye "Yikes" ya Kanye West, ya 2018, ni ya huku kwetu. Ni "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi miaka ya 1970. Wengi wanaijua kwa nyatiti ya Ayub Ogada, aliyewahi kupiga na bendi hiyo, hasa baada ya filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Ile ya magita ikasahaulika. Ila jina la Ogada limo kati ya watunzi wa "Yikes".

Basi ukirekodi ngoma yako, andika majina ya wote, hata anayekupigia iritungu nyuma. Wimbo ukivuma kesho, asiyeandikwa atadai nini?