Taa Kuwaka Si Dhamana

Ndugu wafanya kazi, tajiri akikupa nyumba huchomeka taa kwenye soketi, ikiwaka asema stima ni salama. Si kweli! Taa yatumia nyaya mbili tu. Waya wa tatu, wa ardhi, waweza kuwa haukufungwa, na pasi ikiharibika ndani, chuma chake hushika volti 240. Kile kipimo kidogo cha taa tatu huonyesha waya huo ukikosekana, lakini hakijui kama ardhi yenyewe yatosha. Hapo yatakiwa mita ya fundi mwenye leseni. Basi katika mapatano ya nyumba chama kidai vipimo hivyo kabla mtu hajahamia, pamoja na swichi inayokata stima ikivuja miliampia 30. Kitufe chake kibonyezwe mbele yetu.