Kupima macho Kisii ni kazi ndogo, kuwapata watu wale wale tena ndiyo kazi

Utafiti wa muda mrefu wa glakoma, ugonjwa ambao wengi twauita presha ya macho, hujulikana thamani yake watafiti wanaporudi mara ya pili. Nakuru ilituonyesha. Mwaka 2007 na 2008 walipimwa watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi. Mwaka 2013 na 2014 walipimwa tena 2,171 pekee. Kuna waliofariki, kuna waliohama, na ghasia za baada ya uchaguzi zilizuka katikati ya kazi ile ile.

Sasa upeleke utafiti kama huo Kisii na Nyamira. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye vilima ambako shamba hugawiwa wana mpaka likabaki kipande. Vijana huenda Nairobi, mashamba ya chai Kericho, hata huku kwetu Mombasa, na mzee akiugua humfuata mwanawe. Nambari moja ya simu haitoshi. Mimi ningeandika pia ya mtoto, ya jirani na ya mhudumu wa afya wa kijiji, kabla tochi haijawashwa. Na maelezo ya kushiriki yasomwe kwa Ekegusii. Mama wa miaka 70 kule Borabu akitia kidole kwenye karatasi ya Kiingereza, hajakubali kitu.

Kupima presha peke yake hakutoshi, maana wapo wenye presha ya kawaida na ugonjwa wanao. Lazima uangaliwe mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, kisha mtu aketi mbele ya mashine, abonyeze kila aonapo mwanga. Wazee huchoka hapo. Wengi watakuwa wamekuja wakitaraji kutolewa mtoto wa jicho, waondoke wakiona. Glakoma haina upasuaji wa namna hiyo: haiumi mapema, na uoni uliopotea haurudi.

Basi atakayekutwa nayo apewe nini? Matone ni ya kila siku, maisha yote. Jaribio la hospitali ya KCMC Moshi, lililochapishwa 2021, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila 100, na matone ya timolol kwa 31. Kabla ya kuandikisha mtu wa kwanza Keroka, watafiti waseme mashine ya leza iko wapi, nani atalipa nauli na dawa, na kwa miaka mingapi.