Simba wa Kigamboni: swali siyo kilo, ni mfupa

Sikukuu zikifika, familia za Mbagala hadi Tandale huenda Dar es Salaam Zoo, Kigamboni. Mbele ya simba swali huwa lilelile: "Huyu kwa siku anamaliza kilo ngapi?"

Swali zuri, ila halitoshi. Simba anaweza kushiba kila siku na bado akaumwa.

Porini simba hali steki. Anapasua tumbo la mnyama, anakula ini, kisha nyama, ngozi na mifupa laini. Humo ndimo anapata kalsiamu na vitamini A. Mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, hivyo mwili unaanza kuichota kwenye mifupa yake wenyewe. Anayeumia zaidi ni mtoto anayekua.

London waliliona hilo zamani. Mwaka 1889, daktari John Bland-Sutton alikuta watoto wa simba kwenye bustani ya wanyama wana matege. Walikuwa wakilishwa nyama ya farasi tu. Wakaongezewa mifupa iliyosagwa na mafuta ya ini la samaki, wakapona.

Kwa wanaofuga hapa kwetu, somo ni hilohilo: mbuzi mzima na mifupa yake mibichi ana faida kuliko rundo la mnofu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inambana mfugaji kwenye suala la chakula.

Ukienda, muulize mhudumu: "Mifupa anapata?" Na chipsi zako, kula mwenyewe.