Chuma cha mazoezi: tukinunue kwa mkono na kwa mizani



Mnajua kwamba kila siku ya posho asubuhi, kabla ya soko, tunafanya mazoezi ya mwili pamoja. Tulipokubaliana kutoa fedha za sanduku ili tununue kile chuma cha mviringo chenye kishikio juu, ambacho vijana wa mazoezi wanakiita ketelibeli, mama mmoja alisimama akasema: "Mimi kila asubuhi ninapandisha bidoni ya lita 20 kutoka kwenye robine. Sasa tunalipa fedha kwa kutafuta uzito mwingine?" Tulicheka, lakini alisema kweli. Lita 20 za maji ni kilo 20.

Jibu letu ni hili. Bidoni tunaibeba kwa haraka, mgongo umepinda, jinsi tulivyozoea. Chuma kidogo kinatufundisha kuinua kwa nguvu ya mapaja, mgongo ukiwa umenyooka, na kutua polepole. Anayejifunza hivyo kwa kilo 8 atajua pia namna ya kuinua bidoni na mtoto. Lakini chuma kibaya, au kizito kupita kiasi, kinafundisha kinyume chake. Na sisi kosa hilo tumelifanya.

Cha kwanza tulikinunua kwa macho. Kilikuwa kimevikwa plastiki nzuri ya rangi ya waridi, na kimeandikwa kilo 12. Juma la tatu plastiki ilipasuka chini, ukaanza kutoka unga wa simenti. Tulipokipeleka kwenye mizani ya muuza nyama, hakikufika kilo 11. Fedha ya wamama ishirini ilimwagika sakafuni. Kwa hiyo, kabla ya kununua tena, tuliweka sheria zetu. Tunawaandikia ili kikundi kingine kisilie kama sisi.

Kwanza, tuangalie kishikio. Chuma kizuri kimemiminwa kipande kimoja, kishikio na mwili pamoja. Kama kishikio kimeunganishwa kwa kuchomelewa au kwa bulo, tutazame kiungo pande zote; ukiona ufa au tundu, kiache. Rangi nene pahali pa kiungo inaweza kuficha ubaya.

Pili, tupitishe kipande cha kitenge chepesi ndani ya kishikio, upande wa chini, ambapo macho hayafiki. Mara nyingi hapo kunabaki mstari mkali wa kiwandani. Kama uzi wa kitenge unakwama, ngozi ya kiganja chako itakwama pia.

Tatu, tukiweke sakafuni na kukisukuma kidogo. Kikiyumba kama kiti kibovu, hakifai, maana kinaweza kuangukia vidole vya mguu, au vya mtoto anayecheza karibu.

Nne, tukishike. Vidole vizunguke kishikio vizuri. Kikiwa kinene mno, mkono unachoka mbele ya mapaja. Mikono miwili iingie bila kubanana. Rangi inayong'aa sana inateleza jasho likitoka. Ile isiyong'aa, yenye kukwaruza kidogo, inashikika vizuri zaidi.

Tano, mizani. Maandishi si uzito. Muuzaji mwaminifu hatakataa kipimwe mbele yenu.

Sasa, tuchague kilo ngapi? Chuma hiki kilitoka Urusi, ambako kipimo cha zamani kilikuwa kilo 16 na kidogo. Ndiyo sababu hata leo mnaona 16, 24 na 32 zikirudia. Lakini siku hizi kuna vidogo pia: kilo 4, 6, 8, 12. Vile vya mashindano vyote vina ukubwa mmoja, hata uzito ukiwa tofauti, na rangi ndiyo inayoonyesha kilo. Vile vya chuma cha kawaida vinakua kadiri uzito unavyoongezeka. Kwa hiyo tusidanganywe na ukubwa.

Kwa kikundi, kosa kubwa ni kuchagua kwa kumtazama mama mwenye nguvu kuliko wote. Tulichagua kwa kumtazama aliye dhaifu. Tulinunua viwili: cha kilo 8 kwa anayeanza, na cha 12 kwa aliyezoea kuinua kwa mikono miwili. Kwa kusukuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja, hata kilo 4 au 6 zinatosha mwanzoni. Kipimo chetu ni rahisi: inua mara kumi. Kama mgongo unapinda au pumzi inakwama kabla ya kumi, uzito huo bado si wako. Hakuna aibu.

Na tusifichane jambo hili. Mama mwenye mimba, aliyezaa karibuni, aliyepasuliwa, au anayesikia kizazi kinashuka au mkojo unatoka wenyewe, asiguse chuma mbele ya kuongea na muuguzi au daktari. Mambo hayo yana matibabu, na kuinua uzito bila ushauri kunaweza kuyaongeza. Mwenzetu akisema "mimi leo ninatazama tu", tusimcheke wala kumuuliza mbele ya watu.

Vikundi ambavyo sanduku lao bado ni jepesi, msikope kwa ajili ya chuma. Bidoni ya lita 5 yenye kishikio kizima, ikijaa maji, ni kilo 5. Ikijaa mchanga mkavu, inakaribia 8. Inafaa kwa kuchuchumaa na kusimama. Lakini msiibembeze mbele na nyuma, kwa sababu kishikio chake hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Yule mama wa bidoni? Siku ya posho iliyopita alikuja wa kwanza. Alikishika cha kilo 8, akapitisha kidole chini ya kishikio, akakiweka sakafuni na kukisukuma. Hakikuyumba. Akasema: "Hiki kimenunuliwa na wamama."

Tubaki na afya, na mgongo ulionyooka.